Maharage ya Mama Mkwe na Kapu la Baraka

Maharage ya mama mkwe wangu hayakuwahi kuwa na jina la dukani. Mke wangu aliyaita "ya nyumbani". Majirani waliyaita "yale ya kwa katekista", kwa kuwa nilikuwa katekista wa kigango chetu tangu ujana mpaka nilipokabidhi funguo za kanisa kwa mwenzangu mwenye magoti mazuri kuliko yangu. Yalikuwa na rangi ya chai iliyozidi maziwa, yenye michirizi ya zambarau iliyokusanyika karibu na kitovu cha punje. Yaliiva upesi, na mwanamke anayebeba kuni mwenyewe halidharau jambo hilo. Jumapili mke wangu aliyachanganya na mahindi ya kukoboa, akayaacha mekoni kwenye moto mdogo, na tuliporudi kutoka kanisani makande yalikuwa tayari, yakingojea maziwa mgando tu.

Mbegu hiyo alipewa na mama yake siku aliyoondoka kwao kuja kwangu. Ilikuwa ndani ya kibuyu kidogo kilichozibwa kwa gunzi. Huku kwetu kwenye miinuko ya Mbulu, mbegu ya maharage ni ya mwanamke. Mume anaweza kuwa na shamba, ng'ombe na neno katika kikao cha kijiji, lakini kibuyu kinachoning'inia juu ya meko, kwenye moshi, hakimhusu. Nimekula maharage yale maisha yangu yote ya ndoa na sikuwahi kutia mkono mle. Nilichokijua ni sauti yake. Mke wangu alipokishusha kikiwa kimejaa, hakikusikika. Kilipopungua, punje zililia ndani kama kayamba.

Ikaja miaka ambayo kililia kila aliposogea nacho.

Ugonjwa ulioyapata maharage yale unaitwa chule. Unapenda baridi na mvua nyingi, na sisi tunavyo vyote viwili. Kwanza mishipa ya jani hugeuka myekundu upande wa chini, halafu maganda yanapata vidonda vyeusi vilivyobonyea, kama vile mtu ameyachoma kwa ncha ya kijiti chenye moto. Ubaya wake ni kwamba unaingia mpaka kwenye punje. Ukipanda punje ile, umepanda na ugonjwa wake. Mke wangu alichagua maganda safi kila msimu, akayaanika peke yake, na kila msimu yakawa machache zaidi. Bwana shamba, kijana mwema, alituletea mbegu nyingine nyekundu, na nasema wazi kwamba ilitulisha, namshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini mke wangu aliila kwa adabu tu, kama mtu anayekula ugenini.

Hapo ndipo yule binti alipokuja. Alikuwa mtafiti wa mazao kutoka kituo cha utafiti kilicho mbali na kwetu, na alizunguka vijijini akitafuta maharage ya zamani. Gari lilimwacha kanisani kwa sababu barabara inaishia pale, akapanda kwetu kwa miguu. Akatuamkia shikamoo mmoja mmoja, akakaa alipoonyeshwa. Mke wangu akamuuliza kwao ni wapi.

"Gendabi, bibi."

"Gendabi ya wafugaji?"

"Huko huko. Baba yangu ni mfugaji."

Mke wangu akanitazama, akamtazama tena yule binti. "Yaani umeacha ng'ombe wa baba yako ukaja huku kufuata maharage. Mwenyewe anajua?"

"Anajua. Anasema nimeuaibisha ukoo mzima. Ila akiwekewa maharage, sahani inarudi safi."

Tangu saa ile wakawa watani. Mke wangu alimwambia kwamba watu wa uwandani wanadhani maharage huota kwenye magunia, naye akajibu kwamba watu wa milimani wanadhani maziwa hutoka kwenye kibuyu.

Alichokuja kuomba kilikuwa kizito. Alitaka mbegu ile ya nyumbani, siyo ya kuonja wala ya kupiga picha, bali ya kupeleka kituoni ili wajaribu kuipa uwezo wa kukataa chule. Mke wangu hakujibu siku ile. Alimpa uji, akamwambia arudi baada ya Jumapili. Aliporudi, kibuyu kilikuwa kimeshushwa. Mke wangu alimwaga kila kilichokuwamo kwenye ungo, akakaa mlangoni penye mwanga, akatenga punje moja moja. Safi huku, zenye madoa kule. Nilidhani atampa zile zenye madoa, na nisingemlaumu.

"Hawa wazima waende," alisema, akisukuma fungu dogo upande wa binti. "Wagonjwa nitabaki nao."

Punje zilizobaki alizipanda, na hazikumfikisha mbali. Kwa majirani wachache aliowahi kuwagawia zamani zilikuwapo nyingine, nazo ziliugua vilevile. Baada ya hapo kibuyu kikaning'inia kitupu. Maharage ya mama yake, kama yangeishi, yangeishi mikononi mwa binti wa Gendabi.

Niliuliza hiyo kazi ya kituoni ni ya namna gani, maana nilikuwa na wasiwasi wa mzee wa kanisa. Nilikuwa nimesikia maneno mengi kuhusu mbegu zinazotengenezwa. Binti hakunicheka. Alisema hapo hakuna kinachotengenezwa; ni maharage yanaoana na maharage. Kuna harage moja la mbali, dogo, jeusi, gumu kuiva, lisilo na utamu wowote, lakini chule hailiwezi. Wanafungua ua la harage la nyumbani kabla halijafunguka lenyewe, wanatoa vichwa vya chavua kwa koleo ndogo, wanaweka chavua ya lile jeusi. Mtoto anayezaliwa ni nusu kwa nusu. Huyo wanamrudisha kwa mama, yaani kwa harage la nyumbani. Anayezaliwa wanamrudisha tena, na tena, mpaka abaki na sura ya mama, ladha ya mama na kuiva kwa mama, ila amebeba kitu kimoja tu cha baba.

"Ni kama baba yangu na zizi lake," alisema. "Akimpenda dume la jirani kwa sababu linavumilia kiangazi, analiazima mara moja. Ndama majike anawarudisha kwa madume yake mwenyewe, miaka na miaka, na kila mara anabakiza wale waliorithi uvumilivu. Mwishoni ng'ombe ni wa kwake, ila hawafi kiangazi."

"Sasa wewe umesomea nini, kama baba yako anaijua kazi?" mke wangu akauliza.

"Baba hungoja ndama akue, kiangazi kije, aone nani amesimama na nani amelala. Mimi nachukua kipande cha jani mche ukiwa mdogo hivi, tunasoma vinasaba vyake maabara, tunajua kama amerithi au hakurithi. Hakuna haja ya kungoja ugonjwa."

Nilimwelewa. Nimefundisha katekisimu muda mrefu, na ninaijua furaha ya kuelezwa jambo gumu kwa kitu kilichopo zizini. Nilimwambia kwamba kama Mungu ameandika ndani ya jani, si dhambi kujifunza kusoma. Akasema atalikumbuka neno hilo mitihani ikimshinda.

Tukangoja. Kungoja ndiyo kazi niliyoizoea kuliko zote, lakini mke wangu hakuizoea kwa jambo lile. Binti alipiga simu kila baada ya muda, na mke wangu hakuuliza habari za kituo wala za barabara. Aliuliza, "Mtoto wetu amefika wapi?" na akajibiwa, "Amerudi kwa mama mara ya pili, bibi," au, "Wengi hawakurithi, tumebaki na wachache, lakini wazuri." Majirani walisikia mazungumzo hayo wakadhani tuna mjukuu mwenye matatizo ya ndoa. Walipojua ukweli, mzee mmoja wa jirani, mtu wa maneno, aliyapa jina la maharage ya kompyuta, na kila aliponikuta njiani aliuliza kama yameshajua kusoma.

Kisha mwaka mmoja, mwanzoni mwa mvua, binti akaja nayo. Yalikuwa ndani ya vipakiti vidogo vya karatasi, kila kimoja na namba yake. Mke wangu alifungua kimoja, akamwaga punje kiganjani. Rangi ilikuwa ile, michirizi ile. Akaweka moja mdomoni, akaibana kwa meno bila kuivunja, akaitoa. Sikujua alikuwa akipima nini, wala sikumuuliza.

Binti alituelekeza. Baadhi ya pakiti zilikuwa na maharage mapya, nyingine zilikuwa na yale ya zamani yasiyo na kinga, na yote yangepandwa kwenye shamba letu kwa mistari, ili chule ikija ionekane nani amesimama. Yeye mwenyewe angekuja kupanda Jumanne. Siku ile ilikuwa Jumamosi, na gari lilikuwa linakwenda Haydom kwa shughuli nyingine, kwa hiyo alituachia pakiti zote tumtunzie. Akasema pia jambo lililomkaa moyoni: mradi wao unaishia mwaka ule. Majibu ya shambani yakiwapo, kazi itaendelea mpaka mbegu imfikie kila anayeitaka. Yasipokuwapo, punje chache zilizobaki kituoni zitakaa kwenye jokofu, na hakuna ajuaye nani atakuja kuzitoa.

Jumapili iliyofuata ilikuwa ya baraka ya mbegu.

Niseme jinsi tunavyofanya kigangoni kwetu. Kabla ya kupanda, kila nyumba huleta mbegu kidogo kanisani. Mbele ya altare huwekwa kapu moja kubwa, na kila mama akifika humimina humo alichobeba: mahindi, maharage, mtama, mbaazi. Padre hunyunyizia maji ya baraka. Ibada ikiisha, kila nyumba hutia mkono na kuchota konzi moja ya mchanganyiko ule, na konzi hiyo ndiyo hupandwa kwanza, karibu na mlango, kabla mtu hajagusa mbegu yake mwenyewe. Hivyo shamba la kila mmoja huanza na mbegu ya jirani. Niliikuta desturi hii, nikaitunza, na ninaipenda.

Mke wangu alipita mbele na kitambaa chake kizuri kichwani. Nilikuwa nimekaa na wazee, nikaona mikono yake ikifungua pakiti ya kwanza, ya pili, na zote zilizofuata. Punje za michirizi ya zambarau zikateleza juu ya mahindi meupe. Hakubakiza. Aliniambia baadaye kwamba kwa miaka yote ile aliomba mbegu nzima, siyo nusu. Angewezaje kumrudishia Mungu nusu? Mimi nami, nikiyaona yakishuka, nililia kwa furaha, na mistari ya shamba haikunijia kabisa akilini. Ilinijia tulipokuwa tunatoka, nilipomwona yule jirani wa maneno akifunga konzi yake kwenye leso. Wakati huo kapu lilikuwa tupu, na watu walikwisha kutawanyika mabondeni na milimani.

Jumanne binti akaja na kamba za kupimia mistari. Mke wangu hakumngoja akae.

"Mwanangu, nimeyapeleka kwenye baraka."

Binti alitabasamu kwanza, akidhani yamebarikiwa na kurudi. Kisha akaona pakiti tupu zilizokunjwa vizuri juu ya meza. "Zote, bibi?"

"Zote."

Aliweka kamba chini taratibu. Akatoka, akasimama karibu na zizi, akapiga simu kwa mkubwa wake. Hatukusikia maneno, tuliona tu mgongo wake na jinsi alivyosugua udongo kwa ncha ya kiatu. Mke wangu alikaa kwenye kigoda, mikono mapajani, akitazama kibuyu chake kitupu. Nimemwona akizika watoto wawili, na siku ile uso wake ulikaribia ule wa siku hizo. Nikavuta kigoda kingine, nikakaa naye.

Binti aliporudi ndani macho yalikuwa mekundu, lakini alikuwa na maswali. Waliochota ni akina nani? Nyumba zote za kigango. Wanapanda wapi? Karibu na mlango. Lini? Wengi wameshapanda jana. Kuna nyumba nyingine zilizotia maharage ya michirizi kapuni, yale ya zamani? Mke wangu akasema zipo, chache. Binti akaanza kuzungumza kama mtu anayehesabu ng'ombe waliochanganyikana malishoni.

Alisema ua la harage hujichavusha lenyewe kabla halijafunguka, kwa hiyo kukaa na majirani hakuliharibu. Harage jipya lililoota kwa jirani ni jipya vilevile. Shida ni kwamba kwa macho huwezi kulitenga na la zamani, kwa kuwa wamelirudisha kwa mama mara nyingi mno, na hilo ndilo walilotaka. Lakini jani linajua.

"Ni ng'ombe waliotawanyika, bibi. Chapa wanayo. Tatizo ni kuwatembelea mmoja mmoja."

"Basi tutembee," mke wangu akasema, na akainuka.

Jumapili iliyofuata nilipewa nafasi ya kusimama tena mbele ya watu. Nilitangaza kwamba yeyote aliyepanda konzi ya baraka, akiona mche wa maharage asiung'oe, asiupalilie kwa jembe, na zaidi ya yote asichume majani yake kwa mboga, mpaka tupite. Akina mama walicheka kwa lile la mboga, maana wengine walikwisha kuchungulia kama majani yameota. Baadaye jirani yangu wa maneno alinifuata pembeni, safari hii bila utani mwingi, akakiri kwamba yeye konzi yake alipika. Nilimuuliza kwa nini. Akasema aliona baraka itamfikia upesi zaidi kwa njia hiyo.

"Na zilikuwaje?" mke wangu akamuuliza.

"Ziliiva kabla ya mahindi," alisema, na mke wangu akamsamehe papo hapo.

Tulitembea mimi, mke wangu na binti, nyumba kwa nyumba, kwenye njia ambazo nilizipita zamani nikipeleka Komunyo kwa wagonjwa. Mvua ilitunyeshea, watu wakatukaribisha motoni. Karibu na kila mlango tulikuta mahindi, mtama na maharage ya kila rangi yamebanana kama watu wa ukoo mmoja. Mke wangu aliinama, akalijua jani la harage la nyumbani kati ya mengine. Binti alichomeka kijiti chenye namba, akakata kipande kidogo cha jani kwa kifaa chake na kukitia kwenye kichupa. Hapo kazi ya mke wangu iliishia. Kati ya mche wa zamani na mche mpya hakuweza kutofautisha, akasema hivyo wazi, na binti naye hakuweza. Vichupa vikaenda maabara.

Majibu yalikuja kwa simu mimea ikiwa bado haijatoa maua. Binti alisoma namba, mimi nikazirudia kwa sauti, na mke wangu akafumua sweta langu jekundu la zamani ambalo alikuwa analitafutia sababu ya kulifumua. Tukazunguka tena. Kila mche ambao jani lake lilisema ndiyo, aliufunga uzi mwekundu shingoni. Ambao ulisema hapana, aliuacha. Watu walikuja kutazama. Mmoja akaniuliza kama maharage sasa yanapokea Kipaimara, nikamjibu kwamba haya yamekwisha kufundishwa, yanangoja majaribu tu.

Majaribu yalikuja. Mwaka ule mvua haikukatika, na ukungu ulishuka asubuhi ukakaa mpaka mchana, mlima Hanang hatukuuona. Chule ikaingia. Ilianza kwenye mbegu nyekundu za watu, kidogo, kisha kwenye maharage ya zamani. Mke wangu hakwenda kutazama. Aliogopa. Aliniagiza mimi nimtazamie, na nilipotoka aliniita akasema nisiende. Mwishowe binti alifika, akamshika mkono, tukaenda wote watatu.

Tulianza kwa mjane mmoja anayekaa mgongoni mwa kilima, mahali penye baridi kuliko pote. Karibu na mlango wake palikuwa na shimo moja lenye miche miwili ya harage iliyosokotana kwenye bua moja la hindi, maana alimimina konzi yake bila kupanga. Mmoja ulikuwa na uzi mwekundu. Mwingine haukuwa nao. Majani yao yalikuwa sawa, maua yao yalikuwa sawa, na ilikunywa mvua ile ile. Maganda ya usio na uzi yalikuwa na vidonda vyeusi vilivyobonyea tangu juu mpaka chini. Maganda ya wenye uzi yalikuwa safi, yamejaa, na michirizi ya zambarau imeanza kujichora kwenye ngozi.

Mke wangu alipiga magoti kwenye tope. Aliyashika maganda yale machafu na yale safi, mkono huu na mkono huu, kama mtu anayepima uzito. Kisha akaachia yale machafu.

"Ni yeye," alisema. "Na hakuugua."

Binti aligeuka kando akapiga picha nyingi kuliko alizohitaji, nadhani kwa sababu simu ilimfichia uso.

Tulipita kwa wote. Si kila mahali palikuwa hivyo. Kwingine mbuzi walikula uzi na mche wake, kwingine maji yalisomba kila kitu. Lakini palipokuwa na uzi na mche, maganda yalikuwa safi. Binti aliandika, akapiga picha, akasema kwamba alikusudia shamba moja na amepewa mashamba mengi, ya udongo tofauti, na kwamba mkubwa wake kwanza alinung'unika, kisha akauliza kama kigango chetu kinaweza kufanya hivyo tena, lakini kwa kumwambia mapema. Waliuongezea mradi msimu mwingine. Kwetu sisi msimu mmoja ulitosha.

Siku ya shukrani ya mavuno, hakuna aliyewaambia watu warudishe. Wamama walipita mbele mmoja mmoja, kila mmoja na maharage yake ya uzi mwekundu, wengine konzi, wengine punje chache zilizofungwa kwenye pembe ya khanga, wakamimina kwenye kapu lile lile. Mjane wa kilimani alimimina ya kwake na uzi ukiwa bado umefungwa kwenye kipande cha shina. Mke wangu alikaa mahali pake, na nilipomtazama alikuwa anatazama chini. Nimeshukuru mara nyingi katika kanisa lile, kwa maneno niliyojifunza na kwa maneno yangu mwenyewe. Siku ile sikutumia yoyote.

Mwaka wa kwanza mke wangu hakukubali kupika hata punje moja. Zote zilirudi udongoni, kwetu na kwa kila nyumba iliyorudisha. Mwaka uliofuata, baada ya kuvuna na kupura, alipika. Binti alikuja na baba yake, mzee mrefu mwenye shuka nyeusi na fimbo, aliyepanda kilima chetu bila kupumzika na kusema nyumba zetu zimejengwa karibu mno na mawingu. Alileta kibuyu cha maziwa mgando kutoka Gendabi. Alikaa, akapewa makande, akamimina maziwa yake juu, akala. Sahani ikarudi safi. Mke wangu akaijaza tena bila kuuliza, akamwambia binti, "Hukunidanganya."

Yeye mwenyewe alikula mwisho, kama alivyozoea. Alitafuna polepole, macho kwenye moto. Nilingoja aseme ladha ikoje, kama ni ile ya mama yake au imepotea kidogo njiani. Alichosema ni kwamba kuni zimebaki nyingi.

Wageni walipoondoka, alijaza kibuyu. Bega lake siku hizi linamsumbua, hawezi kuinua mkono mpaka juu ya meko, kwa hiyo kwa mara ya kwanza tangu tuoane alinikabidhi mimi nikitundike. Kilikuwa kizito kuliko nilivyodhani. Nilikiweka karibu na sikio langu, nikakitikisa.

"Unatafuta nini humo?" akaniuliza.

"Nasikiliza."

"Na unasikia nini?"

"Sisikii kitu."

"Basi kitundike," akasema, na akarudi kuosha vyombo.